Kichwa cha Mnyama kama Neno: Sanamu za Metali za Miungu ya Misri ya Kale

Utangulizi

Katika karne ya 5 K.K., Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, aliandika kitabu kizima juu ya nchi ya Misri. Alipofikia habari za mungu wa mji wa Mendes, ambaye alimfananisha na Pan wa kwao, alieleza kwamba Wamisri humchora na kumchonga mungu huyo akiwa na uso wa mbuzi. Kisha akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi wamelipita bila kulitua: ya kwamba Wamisri wenyewe hawaamini kuwa mungu huyo ana sura hiyo, bali humhesabu kuwa sawa na miungu mingine. Kwa nini basi wakamwonyesha hivyo? Herodotus alisema kwamba ni afadhali asilieleze jambo hilo.

Waliomfuata hawakuwa na haya kama yake. Virgil, mshairi wa Roma, alimwita Anubis mungu abwekaye. Juvenal, mwanzoni mwa karne ya 2 B.K., alilifungua shairi lake la 15 la dhihaka kwa kuwacheka Wamisri na wanyama wao. Dhihaka hiyo ilirithiwa na waandishi wa Kikristo wa kwanza, na hatimaye ikaingia katika elimu ya Ulaya. Mwaka 1760 Charles de Brosses, Mfaransa, alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kuilinganisha dini ya kale ya Misri na dini za Waafrika weusi wa siku zake. Na shabaha ya ulinganisho huo ilikuwa kuonyesha kwamba zote mbili ni ibada ya vitu na wanyama, yaani hatua ya kwanza na ya chini kabisa ya akili ya binadamu. Kwa hiyo suala la kichwa cha bweha juu ya mabega ya mtu si suala la wakusanyaji wa vitu vya kale peke yao. Limetumiwa kuipimia akili ya bara zima.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo ilitokana na kosa la usomaji. Kichwa cha mnyama katika sanamu za metali za Misri hakikuwa picha ya uso wa mungu. Kilikuwa alama ya kusomwa, iliyotenda kazi kwa kanuni zilezile zilizoendesha maandishi ya hieroglifi. Ushahidi utatolewa katika sanamu zenyewe, katika msamiati uliotumiwa kuzitaja, na katika maandishi yaliyochorwa juu yake.

Neno juu ya istilahi

Neno shaba katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa: hutaja madini mekundu yachimbwayo ardhini, na hutaja pia michanganyiko yake. Hapa, shaba itamaanisha madini yenyewe, na bronzi itamaanisha mchanganyiko wa shaba na bati. Kitenzi kusubu kitatumika kwa maana yake ya kihunzi, yaani kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu. Majina ya miungu kama vile Anubis, Thoth na Horus yameachwa katika umbo la Kiyunani kwa kuwa ndivyo yalivyozoeleka. Lakini yafaa msomaji akumbuke kwamba Wamisri walisema kitu kilicho karibu na Inpu, Djehuty na Heru. Hata majina hayo yametufikia kupitia kinywa cha mgeni.

Mifano na nyakati zake

Ufundi huu ni wa kale sana. Mwaka 1897 na 1898, katika magofu ya Nekhen, mji ambao Wayunani waliuita Hierakonpolis, J. E. Quibell alifukua sanamu ya kipanga iliyokuwa na kiwiliwili cha shaba na kichwa cha dhahabu. Macho yake mawili ni ncha mbili za kijiti kimoja cha obsidiani, jiwe jeusi la volkano, kilichopitishwa ndani ya kichwa kutoka upande mmoja hadi wa pili na kung'arishwa. Kichwa hicho, ambacho aghalabu huhesabiwa kuwa cha Nasaba ya 6, kilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cairo. Tangu hapo yaonekana kwamba kichwa kilipewa metali ya heshima kuliko mwili.

Baada ya mwaka 1070 K.K. hivi, dola ilipogawanyika, kazi ya metali ilifikia kilele chake. Katika makumbusho ya Louvre, Paris, mna kidani cha dhahabu cha mfalme Osorkon wa 2, aliyetawala katika karne ya 9 K.K. Kina kimo cha sentimita 9 tu. Katikati Osiris amechutama juu ya nguzo ya lapisilazuli. Upande mmoja amesimama Isis, na upande wa pili Horus mwenye kichwa cha kipanga. Mwaka 1939, huko Tanis, Pierre Montet aligundua jeneza la fedha la mfalme Sheshonq wa 2 ambalo kichwa chake ni cha kipanga. Jeneza hilo lamhusisha marehemu na Sokar, mungu wa Memphis aliyekuwa karibu na mafundi. Na mwaka 1904, huko Ihnasya, Flinders Petrie alipata sanamu ya dhahabu ya Heryshef, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, yenye kimo cha sentimita 6 hivi na jina la mfalme Peftjauawybast. Mfalme huyo alikuwa mtiifu kwa Piye, mtawala wa Kush aliyetoka Napata katika nchi ya Sudani ya leo na kuishika Misri katika karne ya 8 K.K.

Hivyo ni vitu vya wafalme. Lakini baada ya mwaka 664 K.K. na katika enzi ya akina Ptolemy, watu wa kawaida nao walianza kutoa sanamu ndogo za bronzi kwa wingi mkubwa. Georges Legrain, alipochimba shimo la ua wa hekalu la Karnak kuanzia mwaka 1903, alitoa humo sanamu za mawe zaidi ya 700 pamoja na vitu vya bronzi takribani 17,000. Vitu hivyo havikuwa vimetupwa. Hekalu lilipojaa sadaka, makuhani walizizika ndani ya ardhi takatifu, kwa kuwa kilichokwisha kutolewa kwa mungu hakikuweza kurudi kuwa chuma chakavu cha sokoni.

Kazi ya mhunzi

Njia iliyotumiwa ilikuwa ya kusubu kwa nta. Fundi aliumba kwanza umbo kamili kwa nta ya nyuki, pamoja na vijiti vya nta vya kuwa mifereji. Akalifunika umbo hilo kwa udongo laini, kisha kwa udongo mzito. Udongo ulipokauka ulitiwa motoni; nta ikayeyuka na kutoka, na nafasi yake ikabaki tupu. Hapo ndipo metali ilipomiminwa. Ilipopoa, kalibu ilivunjwa, na umbo likaonekana. Ikiwa sanamu ilikuwa kubwa, nta ilizungushiwa kiini cha udongo na mchanga ili metali isitumike kwa wingi. Kiini hicho kilishikiliwa na vipini vidogo vya metali vilivyopenya hadi kwenye kalibu, kisije kikasogea nta itokapo. Katika nyakati za mwisho risasi iliongezwa katika bronzi. Risasi hiyo iliifanya metali itiririke vyema na kuingia mahali pembamba, kama vile ncha ya mdomo wa kwarara au sikio la bweha. Kaburi la waziri Rekhmire huko Thebes, la karne ya 15 K.K., lina picha za wahunzi wakikanyaga mivukuto kwa miguu na kusubu milango ya hekalu; joto na jasho la kazi hiyo vimo pichani.

Mambo mawili katika kazi hiyo yanahusu hoja ya makala haya. Kwanza, kila kalibu ilivunjwa, kwa hiyo kila sanamu ilizaliwa upya; hata hivyo, sanamu elfu na elfu kutoka karakana mbalimbali, kwa muda wa karne nyingi, zilifuata maumbo yaleyale ya vichwa. Fundi hakuwa huru kumpa Thoth mdomo wa bata, kama vile mwandishi asivyo huru kubadili herufi. Pili, mahali kichwa cha mnyama kinapokutana na shingo ya mtu, fundi aliweka nywele za bandia zenye mikia mitatu, miwili ikishuka kifuani na mmoja mgongoni. Nywele hizo huficha maungio. Mtazamaji haonyeshwi kiumbe wa ajabu aliyeota manyoya shingoni. Huonyeshwa vitu viwili vilivyounganishwa kwa adabu, mwili na alama.

Msamiati wa uumbaji

Lugha ya Wamisri yenyewe yathibitisha kwamba waliziona sanamu kuwa zaidi ya mfano wa sura. Katika Jiwe la Palermo, lenye kumbukumbu za wafalme wa kwanza, miaka huitwa kwa matukio yake, na mojawapo ya matukio hayo ni "kuzaliwa kwa Anubis", yaani kutengenezwa kwa sanamu yake. Kitenzi mesi, kuzaa, ndicho kilichotumiwa pia kwa kuumba sanamu. Kumbukumbu hizo hutaja vilevile kuzaliwa kwa sanamu ya shaba ya mfalme Khasekhemwy, mwishoni mwa Nasaba ya 2.

Mchongaji naye aliitwa sankh. Neno hilo limejengwa kwa kitenzi ankh, kuishi, kikitanguliwa na kiambishi s- cha kusababisha. Maana yake basi ni "ahuishaye". Kiambishi hicho chapasa kuwavutia wachunguzi wa lugha za Kenya. Joseph Greenberg, katika uainishaji wake wa mwaka 1963, aliiweka lugha ya Misri ya kale katika jamii ya lugha za Kiafroasia pamoja na Kihausa, lugha za Kiberberi, za Kisemiti na za Kikushi. Na miongoni mwa lugha za Kikushi zimo Kioromo, Kisomali na Kirendile. Sauti s ya kusababisha ambayo Kimisri huitanguliza mbele ya mzizi, Kioromo huiweka nyuma yake. Jina la mchongaji wa Memphis limejengwa kwa udongo uleule wa lugha zisemwazo Marsabit na Moyale.

Sanamu iliyokwisha kutengenezwa ilipelekewa ibada ya Kufunguliwa Kinywa, ambayo hutajwa pamoja na karakana iliyoitwa Nyumba ya Dhahabu. Kifaa cha fundi kiliguswa midomoni mwake, na tangu saa hiyo ilihesabiwa kuwa yaweza kupokea chakula na kunena. Yafaa izingatiwe kwamba kilichofunguliwa ni kinywa. Sanamu ilitengenezwa iingie katika mazungumzo.

Kichwa kama alama

Maandishi ya hieroglifi yana aina tatu kuu za alama. Zipo zinazoandika sauti. Zipo zinazoandika neno zima. Na zipo zisizotamkwa, ambazo huwekwa mwishoni mwa neno ili kubainisha neno hilo ni la kundi gani la vitu. Alama za aina ya tatu zitaitwa hapa vibainishi. Baadhi ya wachunguzi, hasa Orly Goldwasser, wamevitazama vibainishi kuwa mfumo wa uainishaji, na msomaji wa lugha za Kibantu atakumbuka ngeli mara moja. Ulinganisho huo wafaa, ila kwa tahadhari: ngeli husikika kinywani na hutawala upatanisho wa sentensi nzima, ilhali kibainishi huonekana kwa macho tu.

Sasa, katika orodha ya alama aliyoichapisha Alan Gardiner mwaka 1927, kundi C lina maumbo ya miungu: mwili wa mtu aliyechutama wenye kichwa cha kwarara ni Thoth, wenye kichwa cha kondoo dume ni Khnum, wenye kichwa cha bweha ni Anubis. Maumbo hayo ndiyo yaleyale yaliyosubiwa kwa bronzi. Sanamu ya Thoth ni alama ya maandishi iliyopewa unene na uzito. Erik Hornung, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alieleza kwamba picha za miungu ya Misri zapasa kuhesabiwa kama alama za maana wala si vielelezo vya sura. Ushahidi ufuatao waunga mkono rai hiyo.

Kwanza, mungu mmoja huweza kuandikwa kwa wanyama zaidi ya mmoja. Thoth huwa kwarara na huwa nyani. Hathor huwa ng'ombe, huwa mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, na huwa mwanamke kamili. Kama kichwa kingekuwa uso wake halisi, asingekuwa na nyuso tatu. Lakini dhana moja huweza kuwa na maneno matatu bila mgongano wowote.

Pili, mnyama mmoja huweza kutumika kwa miungu wengi. Kichwa cha simba jike huvaliwa na Sekhmet, ambaye jina lake maana yake ni "mwenye nguvu". Huvaliwa pia na Tefnut, na Bastet, na wengineo. Mfano wa kushangaza zaidi ni wa Wadjet. Mnyama wa Wadjet ni nyoka fira, naye ndiye nyoka ainukaye katika paji la taji la mfalme. Hata hivyo zipo sanamu za bronzi za mungu wa kike aliyeketi, mwenye kichwa cha simba jike, ambazo maandishi ya kitakoni humtaja Wadjet waziwazi. Simba hapo hasemi Wadjet ni mnyama gani. Asema Wadjet yu katika hali gani: hali ya ukali na ulinzi. Ni kivumishi kilichosubiwa kwa metali.

Tatu, alama hudumu hata kitu kilichoizaa kinapotoweka. Khnum huonyeshwa na pembe ndefu zilizojisokota na kulala upande upande. Pembe hizo ni za kondoo wa jamii ya kale, ambaye nafasi yake katika Misri ilichukuliwa na kondoo wenye pembe zilizopinda kuzunguka sikio, wale waonekanao katika sanamu za Amun. Mafundi wa nyakati za mwisho waliendelea kumpa Khnum pembe za mnyama ambaye malisho ya nchi yao hayakuwa naye tena. Mchoraji wa sura angezibadili. Mwandishi hakuweza.

Nne, na hapa Herodotus anapata jibu lake, mungu wa Mendes aliitwa Banebdjedet, yaani Ba aliye bwana wa Djedet, mji wake. Katika Kimisri neno ba lilikuwa na maana ya nafsi, au nguvu ya kiumbe inayojidhihirisha. Lakini ba lilikuwa pia jina la kondoo dume. Kichwa cha kondoo juu ya mabega ya mungu huyo kiliandika sauti ya jina lake. Wayunani wakadhani ni mbuzi, wakatafuta siri ya tabia ya mbuzi katika tabia ya mungu. Ilhali jambo lenyewe lilikuwa mchezo wa maneno mawili yenye matamshi yanayofanana, ambao mtumiaji yeyote wa lugha angeuelewa, na ambao mgeni asiyeijua lugha hangeweza kuuona hata angeitazama sanamu mwaka mzima.

Sanamu na sentensi yake

Katika kitako cha sanamu nyingi za bronzi mna maandishi mafupi ya mtindo mmoja: jina la mungu, kisha maneno di ankh, "ampe uhai", kisha jina la mtoaji, na mara nyingi majina ya baba yake na mama yake. Sanamu na kitako chake zatakiwa zisomwe pamoja. Henry George Fischer, mwaka 1973, alionyesha kwamba katika Ufalme wa Kale jina la mtu lilipoandikwa karibu na umbo lake kubwa, kibainishi cha mwisho wa jina kiliweza kuachwa, kwa sababu umbo lenyewe lilikuwa limekwisha kufanya kazi hiyo. Picha kubwa na maandishi madogo vilikuwa mfumo mmoja. Kwa kanuni hiyo, bronzi ya Anubis juu ya kitako chenye dua ni kiima cha sentensi kilichosimama wima, na sentensi hiyo yaendelea kumwombea uhai mtu ambaye pengine hakuacha kumbukumbu nyingine yoyote duniani.

Pingamizi na mipaka yake

Yaweza kusemwa kwamba hoja hii inawapendelea makuhani na waandishi, na kwamba mwananchi wa kawaida alimwabudu mnyama mwenyewe. Pingamizi hilo si la kupuuzwa. Huko Saqqara, ambako Walter Emery alichimba kuanzia mwaka 1964, zilipatikana njia za chini ya ardhi zilizojaa kwarara waliokaushwa na kufungwa vitambaa. Maandishi ya Hor, karani wa karne ya 2 K.K., ambayo J. D. Ray aliyachapisha mwaka 1976, yanataja chakula cha kwarara 60,000, na yanalalamikia uchafu na ulegevu wa waliowatunza. Mnyama hai alikuwa na mahali pake pa heshima, wala haifai kumfuta.

Lakini lugha yenyewe yaonyesha alivyohesabiwa. Fahali Apis, aliye mashuhuri kuliko wote, aliitwa wehem wa Ptah. Wehem ni kitenzi chenye maana ya kurudia. Wehem wa mtu ni mjumbe wake, arudiaye maneno yake mbele ya watu. Fahali hakuwa Ptah. Alikuwa mnenaji wake. Na neno la jumla la mungu, netjer, liliandikwa kwa mti wenye kitambaa kilelea, kama bendera ya mlangoni mwa hekalu. Hakuna mnyama ndani yake.

Hitimisho

Katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Cairo mwaka 1974, Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga waliitetea Misri kuwa sehemu ya Afrika, kwa hoja za watu na za lugha. Si kila ulinganisho wa maneno walioutoa ulikubaliwa na wanaisimu, na mjadala huo haukuishia pale. Hata hivyo mkutano ule uliweka jambo moja wazi: kwamba historia ya Misri haiwezi kuachiwa wasomaji wasioijali lugha yake.

Sanamu hizi zatoa funzo hilohilo kwa njia nyingine. Aliyezitazama bila kuzisoma aliona mbwa abwekaye, akacheka, kisha akaijengea dhihaka yake nadharia juu ya akili za watu. Aliyejifunza kusoma akakuta jina, sifa, fumbo la maneno na dua. Tofauti kati ya watazamaji hao wawili haikuwa tofauti ya macho wala ya imani. Ilikuwa tofauti ya sarufi. Kwa sababu hiyo, panapoelezwa sanamu ya mungu mwenye kichwa cha mnyama, iwe katika kitabu cha shule au katika jumba la makumbusho, haitoshi kuandikwa mnyama gani aonekana. Yapasa kuandikwa pia kichwa hicho kilisomwaje, na ni nani aliyeombewa uhai kitakoni.